Faili Zetu Zilipelekwa Uingereza, Zilizobaki Ziko Chini ya Kitanda cha Shosho

Wasee, leo nataka tuongee kuhusu skana. Ile mashine bapa yenye kioo na kifuniko, ile ya saiba unayolazia kitambulisho ukituma maombi ya HELB. Najua mnaiona kama kitu cha ofisi, cha kuboesha. Mimi naona kwa mtoto wa Eastlands mwenye kompyuta kwa keja, hiyo mashine ina kazi kubwa kuliko kamera na maikrofoni. Nipeni muda nianze mbali kidogo, kwa sababu historia ya mitaa yetu ni historia ya karatasi, na kwa miaka mingi karatasi hizo zilishikwa na watu wengine.

Karatasi ya shingoni

Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika. Vita Vikuu vya Kwanza vikachelewesha mambo, lakini kufikia 1920 sheria ilikuwa inauma. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kubeba kipande: karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole, mwajiri wake, mshahara wake, siku aliyoandikwa kazi na siku aliyoachishwa. Ilikunjwa, ikatiwa kwenye kikebe cha chuma, kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Ukishikwa bila hiyo ni faini ama jela. Na mwajiri akikataa kukusainia siku ya kutoka, wewe unahesabiwa mtoro, hata kama yeye ndiye amekula mshahara wako.

Angalia kitu kimoja hapo. Karatasi inakuhusu wewe, inalala kifuani mwako, lakini si wewe uliyeiandika na huwezi kubadilisha hata nukta. Harry Thuku na wenzake wa East African Association walipoanza kupaza sauti mwaka 1921, kipande kilikuwa kwenye orodha ya malalamiko pamoja na kodi na mishahara iliyokatwa. Tarehe 14 Machi 1922 Thuku akakamatwa. Siku mbili baadaye, umati uliokuja kumdai nje ya kituo cha polisi ukamiminiwa risasi, na Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewakemea wanaume kwa woga wao, akawa kati ya waliouawa. Kipande chenyewe kiliendelea hadi 1947, ndipo kikaja kitambulisho cha watu wa rangi zote.

Lakini jina halikufa. Mwambie mzee yeyote wa mtaa umeenda kuchukua ID, atakuuliza, "Umepata kipande?"

Asubuhi ya Anvil

Mitaa yetu ilijengwa ndani ya mfumo huo. Pumwani ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama mtaa rasmi wa Waafrika. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji cha zamani cha Pangani kikabomolewa, wenyewe wakaonyeshwa Shauri Moyo. Miaka ya 1940 ikaleta Ziwani, Starehe na Kaloleni, halafu Bahati, na baadaye Makadara, Mbotela, Ofafa, Maringo, Jericho. Kuwa mjini bila kazi iliyoandikwa kwa karatasi ilikuwa hatari.

Tarehe 24 Aprili 1954 watu wakajua hatari hiyo ina ukubwa gani. Wanajeshi na polisi karibu 25,000 waliizunguka Nairobi alfajiri na kuanza kuipekua mtaa kwa mtaa. Hiyo ndiyo Operesheni Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa nje, wakapangwa mistari, karatasi zao zikakaguliwa. Wengine walipitishwa mbele ya gakunia, mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Yeye akitikisa kichwa tu, umeenda. Zaidi ya watu 20,000 walizuiliwa, wakasafirishwa hadi kambi za Langata, Mackinnon Road na Manyani. Huko wakagawanywa kwa rangi: weupe, wa kijivu, weusi, kulingana na jinsi serikali ilivyoamua wako ndani ya Mau Mau kiasi gani. Na yote yaliandikwa. Kambi huendeshwa kwa orodha, ripoti na barua.

Sasa jiulize: hizo karatasi zote zilienda wapi?

Masanduku 300

Uhuru ulipokaribia, London ilitoa maagizo kwa makoloni yake: karatasi zinazoweza kuiaibisha serikali ya Malkia zisiachiwe serikali mpya. Kazi hiyo sai inajulikana kama Operesheni Legacy. Nyingi zilichomwa. Nyingine zilifungwa kwa masanduku na kusafirishwa Uingereza. Kutoka Kenya pekee zilienda faili kama 1,500, ndani ya masanduku 300 hivi. Ziliishia Hanslope Park, kituo cha serikali chenye ulinzi mkali huko Buckinghamshire, na kwa miaka karibu 50 watu walikuwa wanaambiwa hakuna kitu.

Kilichofungua mlango ni kesi. Wazee wetu walioteswa kambini, kati yao Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi na Jane Muthoni Mara, waliishtaki serikali ya Uingereza jijini London mwaka 2009. Wanahistoria waliowasaidia wakasisitiza kwamba lazima kuna karatasi zilizofichwa. Mwaka 2011 serikali ikakubali kwamba kweli ziko, na si za Kenya tu: zilikuwa faili kama 8,800 kutoka makoloni 37. Tarehe 6 Juni 2013 Uingereza ikatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228.

Wazee hao walikuwa wamesema ukweli maisha yao yote. Makovu yako mwilini, majina ya kambi wanayajua, mashahidi wapo. Lakini karatasi za mkoloni zilipotoka gizani, mambo yakaenda mbio. Si haki hata kidogo, lakini ndivyo korti, serikali na vitabu vya historia vinavyofanya kazi. Mdomo unabishiwa. Karatasi inapewa namba na kuitwa ushahidi.

Kuna aliyeshika zake

Usifikirie kila mtu alinyang'anywa. Kuna mtu mmoja Nairobi aliyeelewa huu mchezo mapema: Makhan Singh. Alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaletwa Nairobi 1927, akafanya kazi kwenye matbaa ya babake. Mtoto wa matbaa anajua nguvu ya karatasi. Alipoingia kwenye vyama vya wafanyakazi miaka ya 1930, alikuwa anachapa vikaratasi vya lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo, ili Mhindi na Mwafrika wasome ujumbe mmoja. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai wakaunda East African Trade Union Congress.

Tarehe 23 Aprili 1950, ndani ya Kaloleni Hall, hapo hapo Kaloleni mnapopita na matatu, Makhan Singh alisimama mbele ya mkutano mkubwa akapendekeza azimio la uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Uhuru kamili, mwaka 1950! Wiki tatu baadaye, tarehe 15 Mei, yeye na Kubai wakakamatwa, na mgomo uliofuata ukaisimamisha Nairobi kwa siku 9. Makhan Singh hakuachiliwa hadi Oktoba 1961. Hiyo ni zaidi ya miaka 11.

Na tunajuaje hayo yote vizuri hivi, na tarehe zake? Kwa sababu jamaa alikuwa anaweka karatasi. Kumbukumbu za mikutano, barua, vikaratasi vya mgomo, hata vipande vya magazeti. Alipotoka akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi wa Kenya, iliyochapishwa 1969, akitumia rekodi zake mwenyewe. Karatasi zake ziko kwenye hifadhi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na watafiti bado wanazifungua. Mtu mmoja mwenye tabia ya kutotupa kitu ameulindia mtaa wa Kaloleni siku yake kubwa.

Sasa turudi kwetu. Nani anaweka zile za mtaa wako?

Kopo la biskuti

Karibu kila nyumba ya zamani Eastlands ina kopo la biskuti, begi la ngozi ama sanduku la bati chini ya kitanda. Tangu nipate skana, watu wa mtaa wameniletea vitu ambavyo sijawahi kuviona kwa kitabu. Stakabadhi za kodi za kanjo zenye mihuri ya kila mwezi. Barua za ndege, zile za karatasi ya bluu nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Kadi za chama cha wafanyakazi wa reli. Vitabu vya akiba vya Posta. Ratiba za mazishi. Picha za studio, jamaa na suruali pana na afro, nyuma yao pazia lililochorwa ndege ama bahari.

Ukiitazama moja moja unaona takataka. Ziweke pamoja uone. Stakabadhi za miaka 20 za nyumba moja zinakuonyesha kodi ilipanda lini na jina la mpangaji lilibadilika lini kutoka kwa baba hadi kwa mjane. Hiyo ni historia ya uchumi na ya familia kwa pamoja, na hakuna profesa anayo.

Na muda unayoyoma. Pangani imeshabomolewa mara mbili: kile kijiji cha miaka ya 1930, halafu nyumba za kanjo, ambazo mwaka 2020 zilianza kupisha ghorofa mpya. Mitaa mingine ya zamani iko kwenye mipango ya aina hiyo. Sipingi nyumba mpya, vyoo vya nje vya kushirikiana si urithi wa kulilia. Ninachosema ni kwamba siku ya kuhama, sofa linapakiwa kwanza, na kopo la biskuti linabaki. Kesho yake utaona barua ya guka wako imefungia mtu mandazi.

Kuna sababu nyingine ya kuzishika. Wapangaji wa Muthurwa, ule mtaa wa reli, walipotaka kufurushwa mwaka 2010 walienda kortini. Tarehe 30 Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola wa Mahakama Kuu akaamua kwamba haki yao ya makao ilikuwa imekiukwa. Ukisimama mbele ya jaji kudai wewe ni mtu wa mahali fulani, swali la kwanza ni lile lile la 1954: karatasi iko wapi? Tofauti ni kwamba safari hii inaweza kuwa karatasi uliyoiweka mwenyewe.

Mashine yenyewe

Mwaka 1957, Marekani, mhandisi Russell Kirsch na wenzake walitengeneza skana iliyounganishwa na kompyuta. Picha ilizungushiwa ngoma inayozunguka, na ya kwanza kuingia ilikuwa ya mtoto wake mchanga, Walden. Ilikuwa na nukta 176 kwa 176, yaani kama 31,000 jumla. Kumbuka hilo: picha ya kwanza kuskaniwa haikuwa ya rais wala ya ramani ya jeshi. Ilikuwa ya familia. Mwaka 1976 Ray Kurzweil akaonyesha mashine ya kuwasomea vipofu, na ndani yake kulikuwa na skana ya kioo bapa, babu wa hizi zetu. Mmoja wa wateja wa mwanzo alikuwa Stevie Wonder.

Kazi yake ni rahisi. Unalaza karatasi kwenye kioo, uso chini. Taa inapita chini yake pamoja na mstari wa vihisio, vinapima mwanga unaorudi, mstari baada ya mstari, na kompyuta inaviunganisha kuwa picha. Hakuna mkono unaotetemeka wala kivuli cha kichwa chako. Ndiyo maana simu, hata ikiwa kali, si badala yake. Simu inakupa picha ya karatasi ikiwa mezani. Skana inakupa karatasi yenyewe, imenyooka kona zote nne.

Ya mitumba inatosha. Mimi yangu nilichukua elfu mbili. Kabla ya kulipa, uliza mambo mawili. La kwanza, draiva. Skana nyingi za zamani ziliuzwa wakati wa Windows XP na kampuni zikaacha kuzishughulikia. Lakini nyingi bado zinafanya kazi kwa Linux kupitia programu ya bure inayoitwa SANE, kwa hivyo angalia modeli yako kwenye orodha yao. La pili, umeme. Zile nyembamba za kunyonya moto kupitia waya wa USB zinaendelea kuskani kwa laptopu hata stima ikipotea, na wote tunajua stima ya huku. Ubaya wake ni kwamba zinaona tu kilichogusa kioo. Kitabu kinene ama karatasi yenye mikunjo mikubwa kitatoka na ukungu. Zile nono zenye vioo na lenzi ndani zinavumilia zaidi.

Ukishaiwasha, fanya hivi:

Futa kioo kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo. Usimwagie maji kiooni, yatapenya chini. Nawa mikono na uikaushe.

Barua na stakabadhi, weka dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi. Picha, weka 600. Picha ya inchi 6 kwa 4 kwa 600 inakupa nukta 3,600 kwa 2,400, zaidi ya milioni 8. Ni kama mara 280 ya ile ya Walden. Skani kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, kwa sababu umanjano wa karatasi, wino wa bluu na muhuri mwekundu ni habari pia. Zima zile huduma za "kuboresha" picha. Unahifadhi, hupambi.

Barua nyembamba ikionyesha maandishi ya upande wa pili, weka karatasi nyeusi nyuma yake. Yanapotea.

Skani na mgongo. Hapa wengi hukosa. Nyuma ya picha ndipo kuna muhuri wa studio, tarehe, na maneno kama "kwa mpenzi wangu, nikumbuke". Bila mgongo una sura tu.

Nakala kuu iwe TIFF. Ni nzito, picha moja kama hiyo ni megabaiti 26 hivi, lakini haipotezi kitu. Toa JPEG ndogo ya kutuma. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, la sivyo itakamuliwa.

Ipe faili jina linaloeleweka: mwaka, mtaa, kitu, namba. "1968_maringo_stakabadhi_003" utaipata hata baada ya miaka 10. "Scan0047" ni kaburi lisilo na jina. Weka nakala tatu, moja iwe nje ya nyumba yenu, kwa sababu moto na wezi hawabishi hodi.

Barua zilizopigwa taipu unaweza kuzipitisha kwa Tesseract, programu ya bure inayosoma herufi, na Kiswahili inakijua. Mwandiko wa mkono bado unaishinda. Kaa na shosho akusomee, umrekodi akisoma.

Usiwe afisa wa kipande

Kuna mtego hapa. Ukianza kukusanya karatasi za watu, na wewe umekuwa ofisi yenye faili. Kwa hivyo omba ruhusa, na uombe mara mbili: ruhusa ya kuskani, halafu ruhusa ya kuonyesha. Hizo ni tofauti. Mzee anaweza kutaka barua ya kambini ihifadhiwe na bado asitake majirani waisome, kwa sababu aliyetikisa kichwa ndani ya gunia pengine ana wajukuu ploti hiyo hiyo. Kitambulisho, kadi ya hospitali, alama za vidole, usiposti. Kenya ina sheria ya kulinda data ya watu tangu 2019, lakini hata kabla ya sheria kuna adabu. Na karatasi irudi kwa mwenyewe siku hiyo hiyo, pamoja na nakala yake kwa flashi ama iliyochapwa.

Mkishakuwa na nyingi, msikae nazo peke yenu. Maktaba za Kaloleni na Makadara zipo, na zimefufuliwa kupitia kazi ya Book Bunk, na mjini kuna ile ya McMillan. McMillan ilifunguliwa 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kama msomaji. Fikiria stakabadhi ya kodi ya nyanya yako ikisomwa mahali kama hapo.

Mimi chuo niliacha, na hakuna aliyeniuliza digrii nilipofungua kifuniko cha skana. Kwa hivyo wikendi hii nenda kwa mtu mzee zaidi katika familia yenu. Usianze na mashine. Anza na chai, halafu sema, "Shosho, naomba unionyeshe zile picha za zamani." Atakuambia hakuna kitu, ni takataka tu. Vumilia kidogo. Ataenda chumbani, utasikia kitanda kikisogezwa.